Avit na Apdeti ya Ijumbi

Jumatatu ile simu za Bukoba zilipokea ujumbe mmoja, na kabla ya saa nne asubuhi mji ulikuwa umegawanyika makundi mawili. Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: toleo jipya la mfumo liko tayari, bonyeza Sakinisha Sasa au bonyeza Baadaye. Aliyeutunga bila shaka alidhani amerahisisha mambo. Hakuwajua watu wa Bukoba.

Avit Kaijage alikuwa mgahawani karibu na soko, mbele yake chai ya rangi aliyoinywa kidogo kidogo ili imhalalishie kiti. Meza ya pili alikaa Riyadhi, mfanyabiashara wa dagaa wa Kemondo, akisema mtu mwenye akili anaweka apdeti siku hiyohiyo, maana wezi wa mitandaoni hawapumziki. Mwenzake Nathanieli, karani mstaafu, akasema mtu mwenye akili haigusi kabisa. Shemeji yake aliwahi kuiweka, simu ikawa inapata moto kama pasi, na picha zote za ubatizo wa mtoto zikapotea. Walibishana mpaka chapati zikapoa. Mwishowe wakamgeukia Avit, kwa sababu alikuwa amevaa shati jeupe na amechomeka kalamu mbili mfukoni.

"Eti bwana, wewe unasemaje? Aiweke mtu, au asiiweke?"

"Inategemea," alisema Avit, na papo hapo akaiona riziki yake imesimama mlangoni.

Avit alikwisha kuwa wakala wa viwanja vyenye wenyewe, wakala wa ajira za Kanada, na kwa wiki mbili tu, nabii. Kote huko alijifunza jambo moja: mtu anayetaka kitu atalipa, na mtu anayekiogopa atalipa pia. Shida ilikuwa kuwapata wote wawili siku moja. Sasa walikuwa wamekaa meza moja, wanabishana mbele ya chapati.

Kufika adhuhuri alikuwa ameazima meza, ameiweka barazani kwa fundi cherehani, na juu yake amesimamisha boksi lililoandikwa kwa kalamu nzito: USHAURI WA APDETI. Huduma zilikuwa mbili. Waliotaka kuiweka walipewa Maandalizi. Walioiogopa walipewa Kinga. Avit aliichukua simu, akafuta kioo kwa spiriti, akaingia kwenye mipangilio, akatoka kwenye mipangilio, akaguna, kisha akabandika kistika nyuma: cha kijani kwa Maandalizi, chekundu kwa Kinga. Bei ilikuwa elfu tano kwa zote mbili, kwani hakupenda kubagua watu.

Joyness, msusi wa Kahororo, alikuja na simu yake akiwa ameikumbatia kama mtoto mwenye homa.

"Kaka, niambie ukweli. Niiweke?"

Avit aliigeuza, akaiweka sikioni, akasikiliza. "Simu nzuri hii, ila ina woga."

"Woga?"

"Hii ukiishtukiza inazima. Tuiwekee Kinga kwanza."

Joyness alitoa elfu tano. Nathanieli alipewa chekundu, Riyadhi kijani, na wote wakaondoka wameridhika, kila mmoja akiamini mtaalamu amekubaliana naye. Jioni Avit alikula kuku.

Ilidumu siku tatu. Alhamisi simu zenye vistika vyekundu zilianza kujiwekea apdeti zenyewe zikiwa kwenye chaji, na zenye vya kijani zikawa zinaigomea kwa kukosa nafasi. Hapo ndipo Avit alipoliona kosa lake la kitaaluma: alikuwa amewaachia wateja wote namba yake ya simu. Joyness peke yake alipiga mara kumi na moja. Nathanieli hakupiga. Aliandika ujumbe mrefu, wenye nukta na mkato, akitaja vifungu vya sheria.

Ijumaa asubuhi Avit alipanda basi la Muleba.

Alishuka njiani, akachukua bodaboda hadi Ijumbi, kwa sababu alikuwa amesikia habari za kikundi kimoja cha akina mama wakulima wa kahawa. Watoto wao walikuwa Dar na Mwanza, na Krismasi iliyopita walikuwa wamewaletea mama zao simu za maana, za milioni milioni. Katibu wa kikundi alikuwa Mwalimu Anatolia, aliyefundisha hesabu miaka thelathini na minne na kustaafu bila kusahau kitu. Alimkaribisha Avit barazani, akamwekea kahawa za kutafuna kwenye kijikapu, akavaa miwani.

"Kwa hiyo wewe ni mtaalamu wa hii apdeti."

"Ndiyo, Mwalimu. Natembelea vijiji kabla maafa hayajatokea."

"Mimi leo siku ya tano nabonyeza Baadaye. Wanangu wawili wamenipigia. Mmoja anasema weka, mwingine anasema ngoja wenzako waweke kwanza uone. Wote wamesoma chuo kikuu. Nimsikilize nani?"

"Inategemea, Mwalimu."

"Inategemea nini?"

Swali hilo hakuwahi kuulizwa Bukoba. Avit alitafuna kahawa kununua muda. "Inategemea mashine," alisema. "Kuna mashine ya kupima simu. Iko mjini. Simu ikipita kwenye mashine, unaweka apdeti bila wasiwasi. Mkikusanya zenu zote nazipeleka leo, kesho kutwa ziko hapa. Na kwa kikundi cha akina mama ni bure."

Neno bure alilisema polepole, akiangalia bonde kwa huzuni, kama mtu anayejitolea kupita kiasi. Mpango wake ulikuwa rahisi: simu zikiingia kwenye begi, yeye angeingia kwenye basi la Mwanza.

Mwalimu Anatolia alimsogezea kijikapu. Kisha akasema atawaita wenzake.

Saa saba akina mama walikuwa wamefika, na mezani zilikuwa simu kumi na mbili, zote zinang'aa. Avit alizikagua moja moja huku akijumlisha bei zake kichwani. Mwalimu aliandika orodha kwa mwandiko wa ubaoni: jina la mama, aina ya simu, rangi, hali yake. Kila mstari uliishia na maneno "nzima, inawaka". Akampa Avit asaini, naye akasaini kwa mikogo.

"Vizuri," alisema Mwalimu. "Sasa na wewe niachie yako."

"Yangu?"

"Nikupe simu kumi na mbili, wewe uniachie tabasamu?"

Avit alicheka kidogo. Akapiga hesabu. Simu yake ilikuwa nzuri, kioo kizima, aliinunua wakati wa Kanada. Lakini kumi na mbili ni kumi na mbili. Isitoshe, ile laini ya Bukoba ilikuwa ndani, na tangu asubuhi ilikuwa inatetemeka mfukoni kama kifaranga. Kuiacha Ijumbi ilikuwa raha. Kisimu chake kingine, kitochi cha vitufe, kingemfikisha Mwanza.

"Na uiondoe hiyo namba ya siri," Mwalimu aliongeza. "Simu iliyofungwa ni jiwe. Mimi sipokei rehani ya jiwe."

Avit alifungua. Mwalimu alizitia simu za akina mama kwenye mfuko wa kitambaa kizito mbele ya macho ya watu wote, kisha akamsogezea Avit sinia la ndizi na samaki. "Wewe kula, mwanangu, safari ni ndefu. Mimi naenda ndani kutafuta sindano ya magunia niushone mdomo."

Alikula. Samaki alikuwa mtamu. Mwalimu alirudi na mfuko umeshonwa kwa uzi wa katani, fundo juu ya fundo, na Avit aliupakata kwenye bodaboda mpaka barabara kuu kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Basi la kwanza kupita lilikuwa linaelekea Bukoba, si Mwanza. Alilipanda hivyohivyo ili asisimame barabarani na mzigo, akashuka Kemondo. Huko alipata chumba cha wageni karibu na gati, akafunga mlango, akakata uzi.

Kulikuwa na simu kumi na mbili. Hesabu haikuwa na kasoro. Moja haikuwa na kioo. Moja haikuwa na betri, bali gunzi la hindi lililochongwa likaenea vizuri mahali pa betri. Mbili zilikuwa za vitufe, vitufe vyenyewe havipo. Iliyokuwa na hali nzuri kuliko zote ilikuwa rimoti ya televisheni.

Avit alizirudisha mfukoni moja moja. Kilichomuuma zaidi si hasara, bali yale mapishi. Alikuwa ameshukuru mara mbili kwa wale samaki.

Lakini hakuwa mtu wa kukata tamaa mapema. Alijiambia kwamba yule mama hajui kama mfuko umefunguliwa. Angeushona upya, aurudishe, aseme kazi imekwisha, achukue simu yake na kuondoka kabla mtu hajapata mkasi. Alinunua uzi wa katani sokoni, akashona usiku kucha fundo juu ya fundo, na Jumamosi saa tano alikuwa Ijumbi.

Mwalimu Anatolia alikuwa barazani peke yake, anachambua maharage.

"Umewahi," alisema. "Zimekubali?"

"Zote, Mwalimu. Mashine imezisifu."

"Zote kumi na mbili?"

"Zote. Sasa zinakwenda kama mpya. Nipatie tu ile yangu, nina wagonjwa wengine, yaani simu nyingine, zinanisubiri."

Mwalimu hakutafuta mkasi. Alikata uzi kwa meno, akaingiza mkono, akatoa simu nyeusi iliyovimba. "Hii ilikuwa ya marehemu mume wangu," alisema. "Ilizama kwenye mtumbwi wa kukamulia lubisi, pombe yetu ya ndizi, mwaka tulipomwoza binti yetu Renatha. Basi hebu niwashie, nisikie sauti yake."

Avit aliipokea. Akabonyeza. Akabonyeza tena, kwa heshima.

"Au labda hizi si zile ulizosaini?" Mwalimu aliuliza taratibu, akatoa orodha chini ya kijikapu. "Ukisema ndizo, washa. Ukisema sizo, basi nakudai zangu kumi na mbili. Fikiri vizuri. Nilikuwa nawapa watoto wa darasa la sita dakika tano."

Avit hakuhitaji tano. "Mwalimu, nirudishie simu yangu, niende zangu."

"Hiyo simu yako inapigwa sana, waitu, mwanangu. Nisingeweza kuiacha ilie, si adabu. Kila aliyeuliza uko wapi, nilimwelekeza njia."

Mlango wa sebule ulifunguka. Wa kwanza kutoka alikuwa Joyness, sahani ya ndizi mkononi. Nyuma yake Nathanieli, na bahasha. Nyuma yake Riyadhi, ambaye hakuwa na kitu mkononi, na kwa mtu wa ukubwa wake hilo halikuleta faraja.

Hakuna aliyempiga. Avit baadaye alidai kwamba angependelea wampige. Walimkalisha kwenye kigoda, akatoa pesa zilizokuwamo mifukoni na ndani ya soksi, na zilipopelea Riyadhi akasema ataichukua ile simu, na thamani inayozidi deni lake atamkabidhi Joyness pesa taslimu akawarudishie wengine waliobaki mjini. Nathanieli aliandika makubaliano. Yalikuwa na vifungu sita.

Riyadhi aliigeuzageuza simu. "Hii ina lile toleo jipya?"

"Nililiweka jana jioni," alisema Mwalimu Anatolia. "Yangu niliionea huruma. Nikasema nijaribu kwanza kwenye ya mgeni. Imelala, imeamka, haipati moto, picha zote zipo. Kuna moja umevaa kanzu ya kinabii, Avit. Umependeza."

Kisha akatoa simu yake mwenyewe mfukoni mwa gauni, akaitazama juu ya miwani, na baada ya siku sita za Baadaye akabonyeza Sakinisha Sasa. Akaiegemeza kwenye kijikapu cha maharage ili wote waione.

Avit aliinuka polepole, akajipangusa suruali. "Basi Mwalimu, mimi naomba niende."

"Kaa kwanza," alisema. "Imefika asilimia nne. Ikiharibika nitahitaji mtaalamu."

Avit akakaa. Riyadhi akasogeza kigoda chake karibu naye. Wote wakakiangalia kile kistari kikijaza kioo kidogo kidogo, na Avit Kaijage, aliyewahi kuwa nabii, akaanza kusali kwa mara ya kwanza bila kutoza mtu.