Jina la Crisanto Linauzwa

Crisanto Lacsamana mwenyewe hukiri, hasa akishashiba, kwamba siku ile mjinga alikuwa yeye. Zaidi ya hapo hafunui. Lakini Mtaa wa Sargent wote, hapa Winnipeg, Kanada, unajua kwa nini mwanamume mzima, asiye daktari wala mume, hupita kila Jumamosi nyumbani kwa Perlita Dimayuga kumuuliza kama kile kikohozi kimepona.

Mambo yalianzia kwenye foleni ya samaki. Perlita alikuwa mbele yake, mtoto mchanga kamfunga kifuani ndani ya koti, theluji ikimyeyukia mabegani, naye akimmwagia muuzaji yaliyomjaa moyoni.

"Wameninyima tena mkopo wa nyumba! Mimi na mume wangu Nestor tunafanya kazi kama punda, kianzio tunacho, na maishani mwangu sijawahi kukopa hata chumvi. Kumbe ndilo kosa langu! Eti hawanijui."

Nchi hii ina busara zake. Kule Batangas, Ufilipino, alikotoka Perlita, asiyedaiwa hutembea kifua mbele. Hapa, asiyedaiwa ni kama hajazaliwa. Ukitaka benki ikuamini, sharti kwanza uwe umeshakopa mahali, na ukitaka kukopa mahali, sharti benki iwe imeshakuamini. Wenye akili walikaa kikao, wakalipitisha jambo hilo, wakaenda kula.

"Na mwenye nyumba anauza," akaendelea Perlita. "Majira ya kuchipua tuwe tumetoka kwenye lile shimo tulilopanga chini ya nyumba yake. Mama yangu yuko njiani anakuja. Nitamlaza wapi, juu ya friji?"

Masikio ya Crisanto yalisimama kama ya paka aliyesikia mfuniko wa sufuria. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, naye maisha yake yote alikuwa akiziokota ncha za kamba hizo.

"Dada, samahani kwa kuingilia," akasema, sauti imepakwa siagi. "Wewe huna shida ya pesa. Una shida ya jina."

"Jina langu lina nini? Nilipewa na bibi yangu."

"Bibi yako hakuwahi kukopa Winnipeg. Mimi nimekopa. Jina langu likitajwa benki, watu wanasimama."

Hapo, ajabu ya Mungu, alikuwa akisema kweli. Tapeli huyu hakuwahi kuichelewesha benki hata siku moja. Benki alizilipa kabla ya wakati. Waliodhulumika ni watu. Kwa hiyo jina lake lilikuwa safi kama sahani ya arusi, na ndilo lililokuwa mtaji wake, jembe lake na shamba lake.

Ujanja wenyewe ulikuwa mzuri kiasi cha kutia huzuni. Kwa kila mteja alipokea kwanza ada ya jina, ambayo ikishaingia mfukoni hairudi. Kisha alivaa koti lake la sufu, akaongozana na mteja hadi benki kubwa katikati ya mji, na mbele ya afisa wa mikopo akatangaza kwa sauti ya mtu anayetoa figo: "Mimi nitamdhamini!" Afisa akiuliza kama wao ni ndugu, jibu lilikuwa hapana, na kanuni ilitaka mdhamini awe ndugu. Kanuni hiyo Crisanto aliijua kuliko Baba Yetu. Wakishatoka nje humshika mteja bega na kumwambia, "Mimi nimetimiza. Benki ndiyo haina moyo." Wengine walimshukuru wakilia. Mmoja alimletea keki.

Perlita aliilipa ada bila kupatana bei. Mtu wa Batangas asiyepatana bei ni kama jogoo asiyewika. Mtu mwenye kichwa chake angejiuliza. Crisanto aliuliza tu kama angependa risiti, akijua mwenyewe hana ya kutoa.

"Kaka Santo, nina ombi moja dogo," akasema Perlita. "Jumapili tunambatiza mtoto. Nataka uwe ninong wake, baba yake wa ubatizo. Wenzangu wa nyumba ya wazee watakuja wote. Wanafagia na kuogesha wazee mchana kutwa, na kila mmoja anatafuta nyumba. Nimewaambia kuhusu jina lako. Wanataka kukuona kwa macho."

Kwanza, ombi la uninong halikataliwi; anayemkataa mtoto, nuksi humfuata mpaka chooni. Pili, kina mama wote hao! Crisanto aliwaona wamejipanga, kila mmoja na kamba yake mguuni.

"Nitakuja na koti jipya," akasema.

Jumapili mtoto alilitapikia lile koti jipya mbele ya padri. Baadaye, ukumbini, nguruwe wa kuchoma akiwa amelala kifudifudi mezani kama mgeni wa heshima, shangazi mmoja mwenye sauti ya king'ora alitangaza kwamba sasa ninong atatoa zawadi. Crisanto akapapasa mifukoni, akakuta bahasha moja tu, ileile ya ada ya jina. Kina mama walikuwa wanamtazama kama mtakatifu aliyeshuka dirishani. Chambo hakiliwi na mvuvi, akajifariji, akaiweka bahasha juu ya blanketi la mtoto. Makofi yakatikisa taa.

"Ahsante, kumpare," akasema Perlita. Na tangu hapo hakumwita tena kaka. Kumpare na kumare ni wazazi wenza kwa maji ya ubatizo, na kwa watu hawa maji hayo ni mazito kushinda damu nyingine nyingi.

Siku ya benki ilipofika, Perlita hakutaka kwenda mjini. "Mtoto ana mafua, na baridi hii! Twende hapa mwisho wa mtaa, kwenye chama kidogo cha akiba na mikopo." Crisanto hakuona tofauti. Kanuni ni kanuni.

Afisa wa pale alikuwa Bi. Friesen, Mzungu mwenye miwani aliyekuwa akimalizia lumpia, zile sambusa za Kifilipino, mezani. Nyuma ya kioo cha mlango walisimama wale kina mama, wakipunga mikono.

"Mimi nitamdhamini!" akanguruma Crisanto.

"Ninyi ni ndugu?"

Crisanto akainamisha kichwa kwa majonzi aliyoyafanyia mazoezi. "Kwa bahati mbaya, mama, hapana."

"Ni kumpare wangu," akasema Perlita, akaweka mezani picha: Crisanto, koti limetapikiwa, mtoto mikononi.

Bi. Friesen akafuta vidole. "Ninong! Mbona hukusema, baba? Hapa nusu ya wateja wetu ni Wafilipino. Tungesubiri ndugu wa damu tu, tungeshafunga mlango. Ninong tunamkubali." Akafungua kompyuta, akatazama, akaivua miwani. "Bwana Lacsamana! Jina zuri kama hili sijawahi kuliona."

Hata mtegoni, Crisanto alitabasamu. Sifa humlevya mwizi kama mtu mwingine yeyote.

Akaangalia mlango. Kukataa pale ni kumtupa mtoto wake wa ubatizo mbele ya mtaa mzima, na kulitawanya kundi zima la ng'ombe kabla ya kukamua. Akasaini.

Nje, kina mama walimkumbatia Perlita, wakaanza kuelekea kituo cha basi.

"Jamani, nani anafuata?" akaita Crisanto.

"Tufuate nini, kumpare wa Perlita?" akajibu mmoja. "Jina likishabeba nyumba moja, halibebi ya pili. Bi. Friesen ametueleza. Sisi nasi tuna maninong wetu."

Theluji ilipoyeyuka, Crisanto alikwenda kuomba mkopo wake mwenyewe, anunue kijumba huko Vancouver ambako hakuna amjuaye. Akaambiwa kwa adabu kwamba jina lake tayari lina nyumba mgongoni, na Perlita akishindwa kulipa, atalipa yeye. Alifika kwa Perlita anafuka moshi.

"Umenitapeli!"

"Viatu, kumpare."

Akavivua kwa hasira. Soksi ilikuwa na tundu, kidole kikachungulia. Jikoni mama yake Perlita, aliyekwisha kufika, alikuwa anakaanga ndizi.

"Ulijua! Tangu mwanzo ulijua!"

"Unamkumbuka Luningning? Yule aliyekuletea keki. Tunaogesha wazee pamoja."

"Nenda ukawaambie wanitoe!"

"Nikishalipa vya kutosha watakutoa wenyewe." Perlita akakohoa kidogo, na Crisanto akashtuka kama aliyemwagiwa maji. "Kwa sasa niombee afya."

"Nimeliuza jina hili miaka na miaka! Hakuna mteja aliyewahi kunifanyia hivi!"

Perlita akamwekea sahani ya ndizi mbele yake.

"Wao walikulipa wakaondoka mikono mitupu, kumpare. Mimi ndiye mteja wako wa kwanza kuondoka na mzigo."