Kompyuta ya Shemeji na Habari za Kinyonga

Komarock, Nairobi
Novemba 1996

Ndugu Shemeji Kyule,

KUH: OMBI LA KUONDOLEWA KWA KOMPYUTA KABLA MAMA HAJAFIKA

Nakusalimu kwa heshima anayostahili kaka wa mke wangu. Sisi huku ni wazima, isipokuwa mimi.

Ulipotuletea kompyuta hii ya nyumbani mwezi wa nane, uliniambia nisiilalamikie kabla ya kuzielewa sifa zake. Nimezielewa. Ina spika mbili, maikrofoni, na mahali pa kuingiza sidii, ile sahani inayong'aa ambayo ndani yake mna sauti, picha na sinema. Sasa nalalamikia sifa moja baada ya nyingine, ili usije ukasema mimi ni mtu wa kukurupuka.

1. Umbo lake. Dada yako Wavinya aliifumia vitambaa vya uzi mweupe, kama ilivyo kawaida ya nyumba yenye heshima: cha skrini, cha sanduku, vya spika, na kimoja kidogo cha mausi. Mashine ikapata joto, ikajizima mbele ya akina mama wa chama. Luseno, fundi wa redio wa mlango wa pili, alisema inahitaji kupumua. Televisheni yetu imevaa kitambaa miaka yote hii na haijawahi kudai pumzi. Sasa kompyuta yako inakaa uchi sebuleni, na wageni wakibisha hodi Wavinya huivutia pazia.

2. Maikrofoni. Mimi ndiye ninayeombea chakula katika nyumba hii. Binti yangu Mbithe, wa darasa la saba, alinasa sala yangu ya Jumatatu, akaicheza Jumanne nikiwa bado nanawa mikono. Nilipofika mezani, Amina ilikuwa imekwisha kusemwa na ugali umekwisha kumegwa. Nilipogomba, alinieleza kwa adabu kwamba alilinganisha sala zangu na hakuona tofauti, hata mahali pa kukohoa.

Najua utasema nimwadhibu. Nitamwadhibuje? Mbithe ana jina la mama yangu. Tangu azaliwe namwita Mwaitu, mama, kama desturi yetu inavyotaka. Wewe ni Mkamba mwenzangu. Niambie mtu humfokeaje mama yake kwa ajili ya sala.

3. Sidii ya elimu. Hapa ndipo penye kidonda. Unajua, na mtaa wote unajua, kwamba mimi huitwa kusema katika harusi. Hotuba yangu ni moja na haijawahi kukataliwa. Husema kwamba kinyonga akifikia wakati wa kuzaa hupasuka tumbo akafa ili watoto wake waishi, na kwamba mama ndivyo alivyo. Akina mama hulia. Mchungaji mmoja aliomba nimwandikie. Neno hilo nililipata kwa mama yangu mwenyewe nikiwa mdogo kule Mwala, na ndilo lililonilea.

Jumapili iliyopita Mbithe alibonyeza, kinyonga akatokea akitembea. Akachimba shimo, akataga mayai, akafukia, akaenda zake. Hakugeuka hata kuangalia. Jirani yetu Wekulo, aliyenisikia katika harusi ya dada yake huko mtaa wa Baba Dogo akalia kuliko bibi harusi, alikuwa ameketi hapo na kikombe chake cha chai. Alinitazama tu, kisha akaomba irudiwe.

4. Matokeo. Tafadhali fuata hoja hii polepole. Kama mashine inasema kweli, basi mama yangu alisema uongo. Kama mama alisema uongo, ndoa zote nilizozihutubia zina kasoro ambayo wenyewe hawaijui. Itawabidi warudi kanisani waanze upya. Kanisa litataka kujua ni nani aliyeleta mashine Komarock, na mimi sina desturi ya kuficha mambo mbele ya madhabahu. Nitakutaja wewe, Shemeji.

5. Mama anakuja Jumamosi kuiona, na Mbithe ameahidi kumwonyesha kinyonga. Haya mengine yote ningeyavumilia. Ninaloliogopa ni mama yangu kuketi kwenye kochi langu, uzee wake wote huo, na kuambiwa na sanduku, mbele ya mjukuu mwenye jina lake, kwamba alimdanganya mwanawe. Naogopa kweli. Sitaki aone haya nyumbani kwangu.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu uje na pikapu kabla ya Jumamosi. Vitambaa tutabaki navyo.

Msalimie mkeo Kavinya na watoto, wakubwa wako wa kazi, na yule askari wa lango lenu aliyetusaidia kuibeba, ingawa kwa kuibeba alikosea.

Wako katika ukoo na katika taabu,
Daudi Nzau

Baada ya kutia sahihi: Kabla sijaipeleka barua posta, Mama amefika, mapema kuliko alivyosema. Niliporudi kutoka kazini nilimkuta ameshamtazama kinyonga hadi amemzoea. Aliniambia kwamba habari za mayai anazijua tangu usichana wake. Huyafukua kwa jembe akilima. Ile ya kupasuka aliitunga kwa sababu nilikuwa nikikataa kwenda mtoni kuteka maji, na baada ya kuisikia sikukataa tena. Kisha akacheka hadi akashika mbavu, na Mbithe naye akacheka kicheko kilekile. Sijamsikia Mama akicheka hivyo tangu tumzike Baba, na nimefurahi hata nikasahau kugomba. Usilete pikapu. Ukija, njoo na sidii ya ndege. Mama ameanza kushuku kwamba habari za bundi, yeye naye alitungiwa na mama yake.