Ombi la Bigita Kufundishwa Utovu wa Adabu

Mwaloni Nkome,
Geita.

Kwa Baba Mchungaji Magesa,

Bwana Yesu asifiwe, na shikamoo. Mimi ni Paskazia, Mama Juliana, muuza dagaa, mke wa Amosi. Mke pekee. Hayo maneno mawili naomba uyapigie mstari, maana ndiyo yaliyonifanya niandike.

Utakumbuka ulituletea Bigita, binti wa kujitolea kutoka Ujerumani, akae kwetu huku akifundisha watoto shule ya Jumapili. Tulimpokea vizuri. Lakini siku ile ile alimfuata baba mkwe wangu, Mzee Bujiku, akampa mkono amesimama wima na kumwita jina lake. Kwa aibu nikamchukua msichana nikamfundisha adabu. Sasa, Mchungaji, mimi najua adabu moja tu, ya mkamwana, kwa kuwa ndiyo niliyofundwa. Nikampa hiyo hiyo. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, ila hawakusema atasukumwa na mgeni anayempigia magoti.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mimi nikiamkia huinama kidogo nikashika goti, na mgongo wangu Mungu anaujua. Bigita hushuka magoti yote mawili, hata kwenye tope la mwaloni mitumbwi inakoshusha dagaa, akasema "mwangaluka" na kungoja aitikiwe. Siku hizi mama mkwe hunitazama magoti kabla ya uso.

2. Bigita hampi tena Mzee mkono, hamtazami usoni, wala hataji jina lake. Juzi mnunuzi wa dagaa alimwuliza anakaa kwa nani. Akainamisha kichwa akasema, "Kwa yule baba." Nani hapa asiyejua kwamba mwanamke asiyetaja jina la mzee wa nyumba ni mke wa mwanawe? Kufikia mchana wavuvi walikuwa wanampa Amosi hongera. Naye, badala ya kukana, akauliza hongera ya nini huku anacheka. Hilo nitalimaliza naye nyumbani.

3. Mama mkwe hakanushi. Wakimwuliza anasema, "Mungu hutoa." Nami nikichelewa kugeuza dagaa juani, anaguna kwamba ng'ombe wa mahari yangu waliokwenda kwetu Mhunze labda walipotea njia.

4. Hili ndilo limenivunja moyo. Jumapili ya Meza ya Bwana, mzee wa kanisa alifika na kikombe mbele ya Amosi, akamruka. Usharika mzima uliona. Basi imekuwa kanisa nalo limethibitisha kwamba ana wake wawili. Tukiwa njiani Juliana akaniuliza amwite Bigita mama mdogo au shangazi. Nililia, Mchungaji, na sikujificha.

Kwa hiyo naomba utangaze kanisani kwamba Amosi ana mke mmoja, nami nisimame watu wanione vizuri. Halafu Bigita afundishwe utovu wa adabu, hata kidogo. Asimame mikono mfukoni, atafune bigijii mbele ya mzee, akiamkiwa aitikie "poa". Nimejaribu mwenyewe. Nilimwambia asipige tena magoti, akapiga magoti kuniomba msamaha. Ikishindikana, mhamishie Ngokolo, Shinyanga mjini, ambako nasikia wakwe wamezoea kushikana mikono. Sisi utuletee mvivu. Hata mkorofi tutampokea, tena kwa shangwe, maana mama mkwe akimwona atanikumbuka.

Nisalimie Mama Mchungaji, kwaya yote, na wazee wa kanisa wote isipokuwa yule wa kikombe.

Ni mimi katika Bwana, mke wa Amosi, yule yule mmoja,
Paskazia.

N.B. Barua hii anakuletea Bigita mwenyewe. Nilitafuta hapa mwaloni mtu ambaye nikimwambia asiifungue hataifungua, nikampata yeye tu. Tafadhali usimcheleweshe. Mama yangu anaumwa Mhunze na kesho alfajiri nakwenda kumwuguza, sijui nitarudi lini. Yale ya Ngokolo yasubiri kwanza. Juliana, dagaa, wakwe zangu na Amosi nimemwachia Bigita, kwa sababu hapa hakuna mwingine ambaye ningemwachia nikapata usingizi.