Ombi la Kurudishiwa Ng'ombe Wote Kwenye Simu

Kahama

Kwako Mama Philomena, Mwenyekiti wa Umoja wa Wafugaji.

Shikamoo Mama. Natumaini mvua imewafikia na majani yameota.

Mimi ndiye fundi niliyewatengenezea programu ya kutafuta ng'ombe waliopotea. Mfugaji anaandika chapa ya ng'ombe wake, simu inamwambia ameokotwa wapi. Namlalamikia Mehjabin, fundi mwenzangu mliyemwajiri juzijuzi. Nalalamika kwa uchungu, maana Jumamosi napeleka mahari Songwa kwa wazazi wa Melania, na mtamba mwekundu, ambaye baba mkwe alimchagua mwenyewe kwa kidole, amepotea. Bila mtamba huyo hakuna harusi. Baba mkwe amesema hivyo, na si mtu wa utani.

1. Katika programu yangu, simu ilivuta kwanza ng'ombe wote waliookotwa, kuanzia Kishapu hadi Geita, kisha ikawachambua mmoja mmoja. Mehjabin ameamua uchambuzi ufanyike kwenye kanzidata, lile ghala la taarifa lililoko ofisini, na simu iletewe yule aliyeulizwa tu. Mama, wewe ni Msukuma mwenzangu. Mgeni anaonyeshwa zizi zima au ng'ombe mmoja?

2. Amevunja ujirani. Zamani Mzee Maduhu alipanda kichuguu kutafuta mtandao, na wenzake wakamfuata. Simu ikiendelea kuvuta, waliogombana walipatana, na uchumba mmoja ulianzia palepale. Sasa jibu linakuja mzee hajamaliza kukohoa. Anashuka peke yake.

3. Hata wachimbaji wako upande wangu. Kaka yangu Valerian yuko Mwakitolyo. Kule wanapandisha mawe yote kutoka shimoni, wanasaga, wanaosha, ndipo wanajua kama kuna dhahabu. Hakuna aliyewahi kuliambia shimo limpandishie dhahabu peke yake. Nilipompa Valerian hoja hii aliuliza kama kuna shimo linalokubali, ahamie huko.

4. Kazi ya kuchambua niliiandikia kurasa na kurasa. Mehjabin amezifuta zote akaweka mstari mmoja. Mstari mmoja, Mama! Halafu akaniuliza kwa upole kama nimekula. Iliniuma sana, na nilikuwa sijala.

5. Wanasema simu zilipata moto na bando zikaisha. Ni kweli, lakini kosa si langu. Programu ilikwenda vizuri kabisa nilipoijaribu kwa ng'ombe wa shangazi yangu, ambaye ana wawili. Ninyi ndio mlioongeza. Kwa hiyo naomba Umoja uwaagize wafugaji wapunguze mifugo. Hilo likiwa gumu, basi ng'ombe wapotee kwa zamu: Kishapu Jumatatu, Kahama Jumanne, Geita watajipangia wenyewe.

Ili nisionekane mtu wa maneno matupu, mtamba wangu namtafuta kwa programu yangu ileile ya zamani, ambayo bado ninayo kwenye simu yangu. Tangu juzi simu inavuta. Nimeiegemeza kwenye mtungi wa maji ipoe. Naomba Mehjabin aamriwe kuurudisha utaratibu wangu kabla sijafanikiwa, ili mafanikio hayo yahesabike kuwa ya ofisi nzima.

Nisalimie wajumbe wote, wachungaji wako na majirani wa kichuguuni. Mehjabin naye msalimie, ila kidogo.

Ni mimi, ninayesubiri bado,
Edson Masalu

N.B. Nilikuwa nafunga bahasha Melania akaingia. Alichukua simu yake, akaandika chapa kwenye programu ya Mehjabin, akanigeuzia kioo. Mtamba yuko zizini kwako, Mama. Wachungaji wako walimwokota. Simu yangu imezimika ikiwa bado inavuta ng'ombe wa Kishapu. Hoja zote tano nazifuta, na Mehjabin msalimie sana, aje harusini. Kesho asubuhi nakuja kumchukua mtamba. Melania amenisisitizia nimchague hukohuko kwako nije naye peke yake, nisiswage zizi zima hadi Kahama ndipo nianze kumtafuta.