Sahani Mbili za Wali Barazani kwa Mwinyihaji

Jumatatu, 13 Machi 1995

Nimeficha jambo. Ulimi wangu umekufa. Tangu homa ya Rajabu sipati ladha ya kitu: chumvi, sukari, ndimu, vyote kama karatasi iliyoroa. Daktari anasema moyo wangu hautanifikisha mbali. Basi heri niliandike kabla sijazikwa nalo.

Hapa Timbwani hakuna anayejua. Wanawake wa mtaa huniletea visahani nionje. Mimi Mwalimu Stambuli nikisema bizari imeungua, imeungua. Tangu Rajabu nabahatisha!

Leo balaa. Jirani yangu Mwinyihaji, karani mstaafu wa bandarini na mtu wa kelele, ameletewa na mwanawe wa Dubai katoni ya unga wa nazi wa pakiti. Maji moto, koroga, tui tayari. Akatangaza barazani kwake kwamba kukuna nazi zama hizi ni ushamba. Nikamwambia wali wa unga hata mtoto wa chuo cha Kurani ataujua. Akadakia: basi Ijumaa baada ya sala mkewe Kulthum apike wa pakiti, mkaza mwanangu Tumu apike wa nazi, mimi nionje niseme upi ni upi. Nikajibu, wallahi, hata leo!

Kinywa hiki.

Tena Sheikhan alikuwepo, yule anayeoza binti yake kule Mtopanga. Alikuwa ampe Tumu kazi ya kupika walima. Sasa ati angojee ulimi wangu. Nikishindwa kutofautisha, atanunua pakiti na vijana watakoroga. Na Tumu, tangu mwanangu aachishwe kazi hotelini Shanzu, tegemeo lake lote ni harusi hii.

Jumanne, 14 Machi

Nimejaribu kuufufua ulimi. Pilipili mbuzi, mbichi, nzima. Machozi yalikuja, kamasi zikaja, ladha haikuja. Tangawizi. Siki. Shubiri! Tumu akanikuta nimetoa ulimi mbele ya kioo. Akauliza kama kuna mtu namzomea. Nikasema narekebisha makhraji ya herufi za Kiarabu. Akasema Mungu anizidishie elimu.

Jumatano, 15 Machi

Elimu, naam! Nisichoweza kukionja nitakiona. Nimeomba kiti jikoni, nikakaa kumtazama Tumu kazini.

Miaka yote nakula, sikuwahi kutazama. Nazi kwanza huitikisa sikioni. Kisha huipiga kwa mgongo wa panga, ikapasuka katikati kama imepimwa. Hukaa juu ya mbuzi ya kukunia, mkono ukazunguka, nyama nyeupe ikamwagika sinia nzima, naye husita kabla hajagusa kifuu. Hukamua tui zito, akaliweka kando. Hukamua tena, jepesi, la kuchemshia mchele. Hulichuja kwenye kifumbu, kisha kwenye kitambaa. Lile zito hulitia mwisho. Nikamuuliza kwa nini asitie yote pamoja, kazi ikaisha.

“Baba, ukimaliza maneno yote mlangoni, ndani mtazungumza nini?”

Nimefundisha sayansi na sikuwahi kujibu swali vizuri hivyo.

Lakini nimepata nilichokitaka. Mbuzi hukwangua kifuu, na vijidoa vya kahawia huingia kwenye tui. Unga wa kiwandani hauna doa. Wali wenye vijidoa ndio wa Tumu! Nimelala mapema kwa furaha.

Alhamisi, 16 Machi

Nimeshinda nikisafisha miwani. Mwinyihaji alipita kuniuliza kama nimeshatubu. Nikamjibu natubia mwaka niliomfundisha mwanawe hesabu, maana ndiye aliyehesabu pakiti kuwa ni chakula.

Ijumaa, 17 Machi

Baraza imejaa. Sahani mbili. Ya kushoto nyeupe kama kanzu ya Idi. Ya kulia ina vijidoa! Alhamdulillahi. Nikatafuna kila moja polepole, macho nimefumba. Nikahukumu: wa kulia ni nazi, mkono wa Tumu huo. Wa kushoto, nikasema, unanuka katoni.

Mwinyihaji akaruka. Wa kushoto ndio wa Tumu! Nyuma ya pazia nikasikia bangili za Tumu zikitikisika, kisha zikanyamaza. Sheikhan akainua bakora yake, akaomba ruhusa ya kwenda zake.

Ndipo Kulthum akapaza sauti kutoka ndani. Waache kelele, akasema, baraza haina pakiti hata moja. Aliukoroga ule unga, akaunusa, akawamwagia kuku, na kuku wakaupita. Aliona haya wali ule kukaa ubavuni mwa wali wa Tumu, akaazima mbuzi, akakuna nazi mwenyewe. Mkono wake umesahau kazi, hausiti kama wa Tumu, ndiyo maana wali umechafuka kifuu.

Mwinyihaji alikaa chini taratibu.

Sheikhan akasema ikiwa mke wa mwenye katoni ameikimbia katoni, yeye aikimbilie ya nini? Kazi ni ya Tumu, na Kulthum amsaidie. Mimi nikaeleza kwamba nilijua tangu mwanzo, nilitaka tu kuwapima ukweli wao. Hakuna aliyenisikiliza.

Jumapili, 19 Machi

Tangu Ijumaa Tumu hanisemezi. Leo ameweka sahani mbele yangu, akasema, “Karibu katoni, Baba.”

Nikamwambia. Ulimi umekufa, mwanangu.

Akauliza tangu lini. Tangu Rajabu. Na futari zote za Ramadhani nilizozisifu? Nilibahatisha. Na ile bizari ya Kulthum niliyomwambia aikaange upya? Nilibahatisha. Akajifunika uso kwa leso. Nilidhani analia. Anacheka, mpaka akaegemea ukuta!

Kisha akauliza, sasa nikila napata nini. Nikafikiri. Nikamwambia napata joto lake, na punje zinavyoachana mdomoni bila kupondeka, na kwamba tangu alfajiri huwa nasikia mbuzi ikikwaruza jikoni, nikajua leo nitakula. Hakucheka tena. Akaniapisha niwaambie watu, maana si haki mama wa watu kumwaga mchuzi mzuri kwa ajili yangu. Nikaapa.

Jumapili, 26 Machi

Walima jana. Subhanallah! Masufuria ya Tumu yalifunuliwa, mvuke ukapanda, na watu wazima wakagombea ukoko. Mtu mmoja alimuomba radhi kwa kula sana.

Sheikhan akaniita mbele ya watu. Akasema ya Ijumaa yamesameheka, ulimi uliomlea mpishi kama huyu hauwezi kuwa mbovu; kuanzia sasa hata wa Mtopanga wataniletea achari zao nizionje. Tumu alisimama mlango wa uani, ananitazama, anangoja. Nikainuka kwa bakora yangu niseme. Wote wakanigeukia kwa heshima.

Nikasema inshallah, nitajitahidi.

Leo visahani vinaingia tangu asubuhi. Tumu anavipokea mlangoni, ananiletea bila kunitazama usoni. Vyote nimevisifu. Cha Kulthum tu nimesema kimezidi chumvi. Mwenyewe ameonja, akaitikia kwamba kweli, akarudi nyumbani kuanza upya.

Chumvi sikuihisi. Nilisema hivyo kwa sababu ni mke wa Mwinyihaji.