Biashara ya Mkono wa Shangazi

Wakili hakuwahi kusomea sheria. Jina alipewa na mtaa kwa sababu ya tai yake na mdomo usiojua kupumzika. Siku moja alimsindikiza shangazi yake kununua sufuria, mlango wa duka ukamgusa bibi huyo mkononi. Ulimgusa tu, lakini kabla hawajamaliza kuchagua, doa la zambarau lilikuwa limetanda kutoka kiganjani hadi kiwiko. Mwenye duka alipoliona aliomba radhi mara saba, akawafungia na birika la umeme bure.

Shangazi alijaribu kueleza kwamba ni uzee tu, kwamba ngozi yake siku hizi imekuwa nyepesi kama kitambaa cha bitana, na wala haimuumi. Wakili akamkanyaga mguu ili anyamaze. Mguu nao ukapata doa lake, na hapo Wakili akaiona biashara.

Mpwa huyu alikuja kwa Shangazi kulala siku mbili. Sasa ulikuwa mwezi wa tano. Nyumba ilikuwa na chumba kimoja na kitanda kimoja, na kitanda alikitwaa yeye, kwa hoja kwamba mgongo wa mtafutaji unahitaji godoro. Shangazi, aliyeshona nguo za watu miaka arobaini, alilala mkekani, akawa anaamka na madoa nyonga nzima. Kila alipomwomba aondoke, Wakili alitoa hotuba, na hotuba ikiisha alikuwa bado yupo.

Biashara ikaanza. Birika likafuatwa na feni, feni ikafuatwa na pasi, na vyote Wakili akaviuza. Mbinu ilikuwa ileile: Shangazi ajigonge kidogo, Wakili apige kelele, kisha azungumze nusu saa doa likiiva. Tusimwonee. Kuzungumza nusu saa bila kusema kitu ni kipaji, na si kila mtu kajaliwa.

Tamaa ikapanda. Akalenga duka la vitanda la Mama Msumeno, mwanamke ambaye mtaa mzima haukukumbuka kumwona akicheka. Njiani Shangazi akauliza, kwa upole, kama wakikipata hicho kipya yeye atarudi kwenye chake.

"Shangazi nawe," Wakili akasema. "Hicho tunakiuza."

Mlangoni mwa duka Shangazi akamwegemea mpwa wake. "Nishike mkono, mwanangu, sakafu inateleza. Kaza. Kaza zaidi."

Wakili akakaza, kwa upendo wote wa mfanyabiashara.

Walipofika kwenye kitanda cha bei mbaya kuliko vyote, Shangazi aliteleza kistaarabu akaketi chini. Wakili akaanza. Alitaja utu, akataja haki za wazee, akataja barua atakayoiandikia wizara. Aliita wateja washuhudie, akaita mafundi kutoka karakana ya nyuma, hata mpita njia mwenye mkate kwapani. Nusu saa ilipotimia akaukunja mkono wa gauni la shangazi yake.

"Ndugu zangu," akasema, "tazameni kitanda hiki kilivyomfanya mama yetu."

Wakatazama. Juu ya kiwiko palikuwa na madoa manne ya mviringo upande mmoja, na moja nene upande wa pili.

Mama Msumeno akavaa miwani. "Kijana," akasema, "kitanda changu kina miguu minne. Vidole hakina."

Fundi mmoja akaushika mkono wa Wakili, akauweka juu ya madoa. Ukakaa sawasawa, mpaka kidole gumba. Mafundi wakaanza kukunja mikono ya mashati, na mwenye mkate akapendekeza polisi.

"Polisi wa nini," Shangazi akasema kinyonge. "Anirudishie tu ufunguo wangu, akatafute kwake."

Ufunguo ukatoka mfukoni bila hotuba. Wakili naye akatoka, tai ikipepea begani.

Watu walipotawanyika, Mama Msumeno akainama kumuuliza kama anaumia sana.

"Hata chembe," Shangazi akajibu. "Mimi ndiye niliyemwambia akaze."

Mama Msumeno alicheka mpaka akakalia bidhaa yake mwenyewe.

Mchana uleule Shangazi alifunga mlango kwa ndani, akapanda kitandani kwake akalala katikati, mikono na miguu kaitawanya, bila kumwomba mtu nafasi. Alikuwa na furaha kiasi kwamba usingizi ulikataa kuja, na hakuuharakisha.