Misuli Kumi na Miwili kwa Ng'ombe wa Bi Salama

Kwa Sheikh Jibril,
Mwenyekiti wa Kamati ya Msikiti na Msimamizi wa Kundi letu la Wasapu,
Garsen.

Assalaam alaykum. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo mumeuchoma. Nimeandika kwa karatasi ili malalamiko haya usiyafute kama ulivyofuta yale ya juzi.

1. Kiangazi hiki mto umerudi nyuma, na ng'ombe wa Bi Salama, yule jirani yangu mjane, akazama topeni akienda kunywa. Ukatangaza kundini tuje na kamba, kama ilivyo ada yetu. Hata dakika haikuisha, nikatuma misuli kumi na miwili, ile mikono ya kwenye simu inayokunjwa kuonyesha nguvu. Harith alileta kamba moja, tena kuukuu! Jioni Bi Salama akatoa maziwa ya shukrani, Harith akapewa kibuyu kizima. Mimi hata povu sikulionja. Haki iko wapi, jamani?

2. Siku ya sala ya kuomba mvua mlisimama juani saa nzima. Mimi kwenye wasifu wangu niliweka picha ya wingu jeusi lenye radi. Ile dua inayotakiwa kutumiwa watu kumi niliwatumia themanini, akiwemo fundi wangu wa pikipiki kule Madogo na Janet wa duka la dawa Ngao, ambaye ni Mkristo, na akajibu "Amina". Mvua haikunyesha. Sitaki kumlaumu mtu, lakini wengi wenu mlikwenda na miguu tu, bila simu.

3. Umesema mbele ya watu kwamba sijaonekana msikitini tangu Ramadhani. Wallahi umenidhulumu! Kila Ijumaa hotuba yako naifuata mubashara kutoka kitandani, na kidole gumba nakuwekea hata kabla hujaanza. Nakiri kwamba wiki iliyopita nilipitiwa na usingizi, mkono ukabonyeza kicheko wakati wewe unaeleza adhabu ya kaburi. Kwa hilo niwie radhi.

4. Mke wangu Nuriya, ambaye hakosi darsa lako, siku hizi mchana hunitumia picha ya wali na samaki pamoja na moyo mwekundu. Nikiuliza sahani iko wapi, hunijibu kwamba la muhimu ni nia. Sijui maneno hayo ameyatoa wapi. Nimekonda.

Kwa hiyo naiomba Kamati ipitishe kwamba misuli mitatu ihesabiwe sawa na mwanamume mmoja aliyefika, na kwamba wenye kuja na kamba wawe ni wale tu wasio na bando.

Nisalimie wanakamati wote, Bi Salama na ng'ombe wake, na hata huyo Harith.

Nduguyo katika dini na mtandao,
Shukri Dhadho

Nyongeza: Sheikh, samehe tope kwenye karatasi. Barua nilikuwa nimeshaikunja. Madoa, ng'ombe wangu pekee anayekamuliwa, ndiye anayewanywesha wanangu, amezama palepale tangu adhuhuri. Niliomba msaada kundini. Nimepata misuli mia moja na sita, "Amina" hamsini, na kutoka kwako wewe mwenyewe mikono miwili ya dua. Sasa alasiri imepita na tope limemfika mgongoni. Aliyekuja ni Harith peke yake, na ile kamba yake kuukuu. Tumevuta wawili mpaka viganja vimechunika, na hatoki. Ananitazama tu, nami naona haya. Nuriya anakuletea barua hii mbio kwa miguu yake. Ukishaisoma, nakuomba sana usinijibu. Njoo.